Kitabu cha Macho Yakitulia

Nianze na kosa langu, nisije nikaambiwa nimejificha nyuma ya maneno. Mama yangu alikuwa anapofuka, mimi nilijua, na sikumwambia. Mengine nitakayoeleza ni ya kweli pia, lakini hilo ndilo lililonikaa kooni.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya Mama: viti viwili vya kuzunguka, kimoja kiligoma kuzunguka siku nyingi, kioo kirefu chenye ufa pembeni, drayer mbili za kusimama za kukaushia nywele, benchi la wanaosubiri, na dirisha kubwa linalotazama barabarani. Chini ya dirisha kuna kiti cha Mama. Hata saluni ijae kiasi gani, kile kiti hakikaliwi. Mgeni akikikalia kwa kutojua, benchi zima linakohoa mpaka ananyanyuka.

Mama mwenyewe hajui kusuka hata mstari mmoja. Kazi yake ilikuwa simu. Miaka ishirini na tisa alikaa mbele ya swichibodi ya shirika moja kubwa lenye ofisi ghorofa sita, chuma cha kusikilizia kimembana kichwa, anachomoa waya huku anachomeka kule, "subiri kidogo nakuunganisha", na kati ya simu na simu anasoma hadithi. Kitabu alikilaza mapajani, chini ya meza, msimamizi asikione. Alizoea kusoma kwa vipande: nusu ukurasa, simu, mistari mitatu, simu. Anasema ndiyo maana hamvumilii mwandishi anayezungukazunguka. "Mimi nilikuwa na sekunde arobaini," husema. "Ukinimalizia sekunde zangu kwa kunieleza mawingu, nakufunga."

Simu zilipoanza kujiunganisha zenyewe, shirika lilimpa cheti na saa ya ukutani, likampa na mkono wa kwaheri. Akarudi nyumbani na maboksi manne ya vitabu. Mtaani wakamwita Mama Laini, jina likaganda.

Kuhusu vitabu Mama hamung'unyi maneno. Kuna muuza vitabu vilivyotumika, anatandika turubai lake nje ya ukuta wa posta, kila Jumamosi anamletea mfuko mmoja na kuondoka na ule wa wiki iliyopita. Kabla hajaondoka anauliza, "Mama, hiki nikisemeje?" Mama anamwambia kilivyo. Jumatatu yule bwana anayarudia maneno yale yale kwa wateja wake, neno kwa neno, kama yametoka kichwani mwake. Kwa hayo wamemwita Profesa, na yeye hakatai.

Sasa kuna kitabu kimoja. Sisi nyumbani tunakiita kile kinene, maana nilipoanza kukisikia hakikuwa na jina. Mama alikiazima kwa opereta mwenzake kabla mimi sijazaliwa, jalada limeshatoka, kurasa za mwanzo hazipo. Ni habari ya mke wa mwashi aliyemlea mtoto wa mwenzake tangu akiwa na siku tisa. Miaka minane anamlea, mama mzazi haonekani wala hasikiki. Halafu inakuja barua: narudi kumchukua mwanangu. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, mama mzazi anateremka kwenye treni na mfuko mmoja, mlezi amesimama pale stesheni, mtoto yuko kati anawatazama wote wawili. Hapo simu ikaita. Mama akaunganisha. Aliporudisha macho mapajani, mwenzake amesimama mlangoni na sanduku: amehamishwa, gari liko chini linapiga honi, anataka kitabu chake. Mama akampa. Angefanyaje?

Mtoto alikwenda na nani? Mimi nimekulia ndani ya swali hilo. Wenzangu walisimuliwa hadithi za sungura, mimi na kaka yangu tulikuwa tunaulizwa maamuzi ya mahakama. Kaka anasema mtoto ni wa mama mzazi, damu nzito kuliko maji. Mimi nasema ni wa mlezi, aliyelala macho ndiye mama. Mama anakoroga sufuria, anasema, "Nyinyi mnajibu haraka kwa sababu hamjawahi kukosa mama." Miaka thelathini na kitu amekitafuta. Kila muuza vitabu alimsimulia mwanzo wake, na kila mmoja alitikisa kichwa.

Profesa ndiye aliyekipata. Alikuja siku ya Jumatano, na Jumatano si siku yake, amekifunga kwenye gazeti. Mama akakifungua. Alikinusa, akapapasa mgongo wake, akafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, akausogeza karibu na pua, akausogeza mbali, akaupeleka kwenye mwanga. Stesheni ipo. Treni ipo. Nikasema, "Haya, soma basi, tupumzike." Akakifunga.

"Macho yangu yana ukungu siku hizi," akasema. "Miaka thelathini nimemngojea mgeni, halafu nimkaribishe nyumba haijafagiliwa? Nipeleke kwanza hospitali."

Nikampeleka. Wakamtia matone ya kupanua mboni, wakampima, kisha wakamkalisha kwenye benchi la ukumbini, mimi nikaitwa ndani. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, ana sauti ya kuchoka. Hakuzunguka. Presha ya macho, akasema, imekaa muda mrefu bila kujulikana. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limebakiwa na tundu dogo katikati, na lenyewe linaziba. Dawa itachelewesha kidogo, lakini kilichokwenda hakirudi. Miezi mitatu, minne ikizidi sana. Halafu akauliza, "Mama yako anapenda nini?"

"Kusoma."

"Basi asome sasa. Kama kuna kitu anataka kukisoma, asikiweke." Akavua miwani yake akanitazama. "Nimwite nimwambie, au utamwambia mwenyewe?"

Nikasema nitamwambia mwenyewe. Kutoka mlango ule mpaka kwenye benchi ni hatua kama ishirini. Nilimwona amekaa, mkoba mapajani, kiganja kimekinga macho kwa sababu ya mwanga. Alikuwa mdogo kuliko nilivyozoea kumwona. Akauliza, "Kasema nini?" Nikasema, "Kasema ukitia hizi dawa bila kukosa, macho yatatulia." Uongo ulinitoka bila hata kuuandaa. Akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi, nilishaanza kuogopa," akanishika mkono tukaenda kutafuta gari la kurudi.

Mchana ule ule nikampigia kaka yangu simu. Yeye yuko mbali kikazi, anakuja mwezi ujao, na mwezi ujao wake haujawahi kuwa na tarehe. Akasema nimefanya vizuri. Akasema nikimwambia, presha itapanda, tutamzika. "Ningoje nije tumwambie pamoja." Nikakubali upesi. Mwoga akipewa ruhusa haulizi mara mbili.

Nyumbani Mama akakipandisha kile kinene juu ya kabati la vyombo, akakifunika kitambaa. "Hiki ni cha macho yakitulia," akatangaza. Jumamosi akamwambia Profesa, "Mwanangu, kwa sasa niletee takataka tu. Nataka kuyafanyisha macho mazoezi, sitaki kuyapotezea kitu kizuri."

Nilikuwa nimeshika kitana. Nilisikia kila neno. Daktari alisema asikiweke, na yeye anakiweka mbele ya macho yangu, kwa sababu yangu. Nikaendelea kuchana nywele za mtu.

Basi Profesa akaleta takataka. Na haki ya Mungu, kama ningekuwa sijui ninachokijua, zile zingekuwa wiki tamu kuliko zote pale saluni. Mama alisoma na rula chini ya mstari, na kila akifunga kitabu anatoa hukumu, benchi linacheka mpaka napoteza njia ya nywele kichwani mwa mtu.

Cha kwanza kilikuwa cha upelelezi. "Maiti iko sebuleni, damu mbichi," Mama akasema, "na mpelelezi amesimama dirishani ukurasa mzima anamkumbuka mke aliyemwacha. Ningekuwa mimi ndiye maiti, ningeamka nikamfukuza. Halafu mwisho muuaji ni mtunza bustani. Mtunza bustani yupi? Kurasa mia na tisini, hakuna aliyekata jani hata siku moja."

Kikafuata cha mapenzi, jalada lake la waridi. Kile alikisoma huku anaguna. "Huyu binti kazimia mara tano. Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Mara ya tatu nikasema huyu ana upungufu wa damu, akapimwe. Mwandishi anasema ni mapenzi."

Chini ya drayer alikuwepo bibi harusi mtarajiwa. Akatoa kichwa. "Lakini Mama, mapenzi yanazimisha kweli."

"Mwanangu, mimi nimewaunganisha wapenzi miaka ishirini na tisa. Hakuna aliyezimia. Walikuwa wanaulizana umekula nini."

"Kwa hiyo ulikuwa unawasikiliza?"

"Sikuwasikiliza. Nilikuwa nasahau kutoka kwenye laini."

Hata mimi nilicheka, na nilipocheka nikajiona kwenye kioo, nikanyamaza. Mkononi nina nywele za watu, nyuma yangu mama yangu anamalizia macho yake kwenye kitabu cha waridi.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Ni nesi, mteja wangu wa siku nyingi, nilikuwa namsuka na machozi yakanidondokea kichwani mwake. Nesi aliapa hatamwambia mtu. Ijumaa benchi zima lilijua. Saluni haifichi kitu isipokuwa kwa mwenyewe. Ghafla mmoja analeta balbu kubwa zaidi, mwingine anasogeza benchi lisizibe dirisha, watu wanaingia na kumsalimia Mama kwa sauti za msibani. Mama akawatazama, yaani akageuza kichwa chote ili tundu lake lile liwafikie, akasema, "Mbona siku hizi mnanipenda hivi? Kuna mtu anagombea udiwani?"

Wakacheka kupita kiasi, na hakuna aliyesema.

Kuna kitabu cha miaka ijayo kilichomtia hasira ya kweli. "Mwaka elfu tatu! Watu wanaishi kwenye nyota, wana mashine ya kusoma mawazo, na anayeinuka kumimina chai bado ni mke. Huyu bwana kaweza kufikiria nyota, kashindwa kufikiria mwanamume ameshika birika." Cha vita vya zamani hakukimaliza, akasema watu wake wanahutubia hata wakiomba chumvi. Cha majini alikisoma akicheka peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho: jini lina nguvu za kuhamisha nyumba lakini limekwama mlangoni kwa sababu mlango umefungwa na komeo. Alisema sauti zote za kutisha alizowahi kuzisikia maishani zilikuwa za watu wazima, tena walio hai, wakimwambia niunganishe na mkubwa wako.

Kimoja tu ndicho kilichomshinda. Kijitabu chembamba, karatasi zake za njano, kimechapwa vibaya mpaka herufi zinaruka. Ndugu wawili wazee wamegombana juu ya baiskeli ya marehemu baba yao, hawasemeshani miaka kumi. Mama alikimaliza, akakilaza mapajani. Benchi likasubiri. "Ni takataka," akasema mwishowe. "Kimeandikwa na mtu asiyejua pa kuweka nukta. Lakini kaka mkubwa anaporudisha ile pampu ya baiskeli, anaiweka mlangoni kwa mdogo wake bila kugonga, mimi nimeshindwa." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akakasirika kwa kujifuta.

Mimi nilikuwa nahesabu siku. Kila kitabu kilimchukua muda mrefu kuliko kilichotangulia. Kile cha waridi siku nne, kijitabu chembamba siku tisa. Rula haikutosha tena, akakata kadi na kutoboa kijidirisha cha mstari mmoja. Baadaye mstari ukawa mrefu mno, akakipunguza kijidirisha kikawa cha maneno matatu. Alisema dawa ndiyo inafanya kazi, ndiyo maana macho yanasumbua. Dawa kali ikiingia, ugonjwa unapigana kwanza. Nesi aliyekuwa chini ya mikono yangu alifumba macho.

Siku moja nikajaribu. Hakukuwa na mteja. Nikajifanya nafuta vumbi la kabati, nikasema, "Mama, na hiki kinene kwa nini usikianze tu? Kidogo kidogo."

"Kwa macho haya? Una wazimu? Si ulisema yatatulia?"

"Ndiyo."

"Basi unanikimbiza nini?"

Mlango ulikuwa wazi pale. Nilichotakiwa ni kufungua mdomo. Lakini kila siku iliyopita ilikuwa imeufanya ukweli uwe mzito zaidi, kwa sababu sasa ningelazimika kusema mawili: kwamba unapofuka, na kwamba nilijua. Nikasema, "Basi tu." Nikamaliza kufuta vumbi, nikakifunika tena kitambaa chake.

Kilichonivunja kabisa ni kitabu cha majasusi. Mama alikisoma wiki mbili na nusu, akakifunga, akatikisa kichwa kwa dharau. "Mwandishi mzembe sijapata kuona. Mjumbe anaingia na barua ukurasa wa thelathini, halafu hasikiki tena. Kamwacha mtu wake amesimama mlangoni mpaka kitabu kinakwisha. Mara watu wanajibu swali ambalo halijaulizwa. Mara mtu yuko chumbani, mara hayupo. Wanachapa vitabu siku hizi bila kuvisoma?"

Nesi alikuwa kwenye benchi anasubiri zamu yake. Akakichukua kile kitabu, akapekua. Nikamwona kwenye kioo anasimama na kidole kwenye ukurasa, mdomo umefunguka. Mjumbe alikuwepo. Alikuwepo upande wa kushoto wa kurasa, kwenye mianzo ya mistari, anaongea, anakunywa maji, na ukurasa wa arobaini na nne anakufa vizuri kabisa kwa aya nzima. Mama hakumwona kwa sababu upande ule haukuwepo tena duniani mwake. Hakuona hata kwamba haoni. Alidhani ni uzembe wa mwandishi.

Nesi akanitazama kupitia kioo. Nikatikisa kichwa. Akakifunga kitabu, akasema, "Kweli, Mama. Kamsahau."

"Si niliwaambia?" Mama akasema, ameridhika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anayeficha maradhi ya mwenzake humuumbua nini. Mimi niliumbuliwa na kliniki. Tarehe ya kurudi ilifika, tukaenda, na jina lake lilipoitwa nikanyanyuka naye. Mama akanirudisha kwenye benchi kwa mkono mmoja. "Leo naingia mwenyewe. Nina swali langu." Nesi wa zamu akamshika kiwiko, mlango ukafungwa.

Nilijua swali lake. Alitaka kumuuliza daktari macho yatatulia lini, kwa sababu ana kitabu kinamngoja. Na daktari, aliyedhani niliyasema yote, alimuuliza tu kwa wema, "Vipi Mama, ulifanikiwa kusoma ulichotaka kukisoma?" Hayo nilikuja kuyajua baadaye, kwa daktari. Mama hakunisimulia chochote.

Alitoka amenyooka. Akaketi kando yangu, akapapasa mkoba wake, akaufungua, akaufunga. Watu wanapita mbele yetu na kadi zao. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Siku ile," akasema, "alikuambia nisome."

"Ndiyo, Mama."

"Miezi mitatu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia, ningeanza na kile."

Ndani ya gari aliketi upande wa dirishani kama kawaida yake, na sijui alikuwa anaona nini.

Tulipofika hakuvua hata viatu. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akanyoosha mkono, akakiteremsha. Hakutaka kuanza mwanzo, muda wa mwanzo haukuwepo. Akaketi dirishani, akatafuta ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, akaweka kadi yake yenye kijidirisha, akainamisha uso mpaka pua ikagusa karatasi. Wateja watatu walikuwa ndani. Hakuna aliyekohoa. Nilizima drayer.

Alisoma hivyo siku nne. Siku ya kwanza alipata mistari sita. Ya pili, miwili. Siku ya tatu aliusoma mstari mmoja asubuhi nzima, anaupoteza, anaurudia, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Ilikuwa pale pale stesheni, hakuvuka. Siku ya nne, jua likiwa kali kabisa dirishani, akainua uso.

"Naona mkono," akasema. "Mtoto ameshika mkono. Mkono wa nani?"

Nikaacha kichwa cha mtu nusu, nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake. "Mama, nipe nikusomee. Naanza sasa hivi, nasoma mpaka mwisho, saluni nafunga. Nisamehe. Nilikosa. Nipe nikusomee."

Akakifunga kitabu taratibu, akapapasa hewani mpaka akalipata bega langu, akakiweka mikononi mwangu. Uso wake haukuwa na hasira. Ingekuwepo hasira, ningepata pa kushika.

"Kisome," akasema. "Kimalize chote. Halafu usiniambie. Hilo unaliweza."

Wiki ile lile tundu likaziba.

Nilikisoma. Mimi si mtu wa vitabu, kilinichukua siku kumi na saba, kila nikifunga saluni nakaa kwenye kile kiti kisichozunguka, nasoma mpaka wakati wa chakula. Nilianza mwanzo, zile kurasa ambazo Mama hakuwahi kuzipata. Nilifika stesheni. Nikavuka. Najua mkono ulikuwa wa nani, najua mtoto alikwenda na nani, na najua kilichompata baada ya miaka ishirini, kwa maana mwandishi yule hakuzunguka. Ni kitabu kizuri. Mama angekipenda. Angekitolea hukumu ambayo Profesa angekula nayo mwaka mzima.

Kaka alipiga simu kuuliza kama nimeshamwambia. Nikamkatia.

Profesa bado anakuja Jumamosi, mikono mitupu, anakaa nusu saa na kuondoka. Mama yuko kwenye kiti chake, uso ameuelekeza barabarani. Anaweza kukuambia gari lililopita ni la aina gani. Nimemwambia mara mbili kwamba nipo tayari kumsomea chochote, akajibu kwa upole, asante mwanangu, pumzika. Chakula anakula. Watu anawasalimia. Hukumu hatoi tena, na wateja wameanza kuzungumza juu ya bei za nywele.

Jana Nesi alikuja kusukwa. Tulikuwa katikati ya kichwa, akasahau, au hakusahau, sijui. Akauliza kwa sauti ya kawaida, "Kwani yule mtoto mwishoni alikwenda na nani?"

Dirishani Mama akageuza kichwa, polepole, mpaka uso wake wote ukanielekea. Hakusema niambie. Hakusema usiniambie. Alikaa tu, ameshika mikono miwili mapajani, mahali kitabu kilipokuwa kikikaa, na akangoja.

Nikatazama nywele nilizoshika.

"Sijafika mwisho," nikasema.